Kuitwa Dokta Kabla ya Kuhitimu: Mwaka wa Kwanza katika Vyuo vya Kilosa na Mikumi

Anayetafuta chuo kikuu mkoani Morogoro huelekezwa Sokoine, Mzumbe au Chuo Kikuu cha Waislamu. Kilosa watu huenda kusomea kazi. Mjini Kilosa kuna chuo cha maafisa tabibu. Ilonga, mwendo mfupi tu kutoka mjini, kuna chuo cha ualimu, kuna chuo cha kilimo cha wizara ambacho kila mtu hukiita MATI, na kuna kituo cha utafiti cha TARI, ambako mbegu za mahindi kama Staha na Kito zilizalishwa. Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA. Vyote vimo katika wilaya moja, na vinapokea vijana kutoka pande nyingi za nchi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona Kilosa ila kwenye orodha ya kuchagua vyuo.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu mwanafunzi mpya humfikiria kijana wa chuo kikuu: ukumbi wenye mamia ya watu, mhadhiri asiyemjua mtu kwa jina, uhuru wa ghafla wa kulala na kuamka atakavyo. Vyuo vya kati vya Kilosa havifanani na picha hiyo. Madarasa ni madogo, sare inavaliwa, mlezi wa bweni anajua nani amelala ndani na nani hajarudi, na mkufunzi akikukosa siku mbili anauliza. Kwa nje, maisha hayo yanakaribiana sana na ya sekondari. Kinachobadilika ni namna watu wa nje ya uzio wanavyomtazama kijana yule. Wanaanza kumwamini kwa kazi ambayo bado hajajifunza, na ugumu mkubwa wa mwaka wa kwanza unatoka hapo.

Ngazi na umri

Kozi za afya na kilimo za vyuo vya kati husimamiwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Zimepangwa kwa ngazi: ya nne ni astashahada ya awali, ya tano astashahada, ya sita stashahada. Kwa tabibu kila ngazi huchukua mwaka mmoja, na aliyefaulu ngazi moja ndiye anayeruhusiwa kuingia inayofuata. Mpangilio huo una maana kubwa kwa mgeni. Hakuna mwaka wa kuzoea. Mwaka wa kwanza ni ngazi kamili yenye mitihani yake na tuzo yake, na mlango wa kutokea unafungwa kwa asiyefikia alama. Walimu tarajali wa Ilonga hutahiniwa na Baraza la Mitihani, NECTA, kama walivyotahiniwa kidato cha nne. VETA ina ngazi zake tatu za ufundi stadi, chini ya mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Wanaoingia ni vijana wadogo. Kozi ya tabibu huchukua waliomaliza kidato cha nne wenye ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia, na hao wengi wana miaka 17 hadi 20. Kumbukumbu ya nchi hii ina mfano wa kinyume chake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, ila kwanza afanye kazi na alitumikie taifa, kisha apendekezwe na wale waliofanya naye kazi. Azimio la Musoma lilikuwa na matatizo yake, na baadaye lililegezwa. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa enzi hizo alifika akiwa ameshapokea mshahara, ameshagombana na bosi, na ameshajua kupanga mwezi mzima kwa hela aliyo nayo. Anayeshuka leo stesheni ya Kilosa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba hajayapitia hayo, na mengi anakutana nayo ndani ya muhula mmoja.

Kutoka jandoni hadi bwenini

Sehemu ya kaskazini ya Kilosa ya zamani, pamoja na Gairo iliyokuja kuwa wilaya peke yake, ni nchi ya Wakaguru. Mwanaanthropolojia Mmarekani T. O. Beidelman alifika huko mwaka 1957 akaendelea kuandika juu yao maisha yake yote, na mwaka 1997 alitoa kitabu kizima juu ya jando na unyago wa Wakaguru. Ukilifahamu jando, mwaka wa kwanza wa chuo unaueleza vizuri zaidi.

Mwaka 1909 Mfaransa Arnold van Gennep alieleza kwamba mila za kumvusha mtu kutoka hali moja kwenda nyingine hupita hatua tatu: kutengwa na walio wake, kukaa katikati ambako si mtoto wala si mtu mzima, kisha kupokelewa upya. Baadaye Mmarekani Vincent Tinto, aliyekuwa akichunguza kwa nini wanafunzi wa kwao huacha chuo, alizichukua hatua hizo akazifungamanisha na mwaka wa kwanza. Kwa maelezo yake, wengi wanaoacha huacha mapema, wakiwa wamekwisha kuachana na nyumbani na hawajaingia bado katika maisha ya chuo. Wamekwama katikati.

Jandoni hatua hiyo ya katikati ina ulinzi. Mwali hukaa kando, hulishwa, ana kungwi au somo wake, na hakuna mtu wa kijijini anayemwendea kumwomba afanye kazi ya mtu mzima wakati bado yuko kumbini. Ulinzi huo mwanachuo wa Kilosa hana. Akivaa koti jeupe wiki ya kwanza, kesho yake amepita sokoni nalo, na mji umemwona.

Imani inayotangulia ujuzi

Zahanati nyingi za vijijini Tanzania huongozwa na tabibu au afisa tabibu. Kwa mtu wa Ulaya, kijiji kilicho kwenye njia ya Kilosa kwenda Mikumi, au wa Zombo, huyo ndiye daktari aliyemtibu tangu utotoni. Mwenye shahada ya udaktari huenda amemwona mara chache, kwa rufaa. Kwa hiyo anapomwona kijana mwenye koti jeupe na kitambulisho cha chuo cha tabibu, hakosei kumwita dokta. Ameshaona kwamba watu wa chuo hicho ndio wanaokuja kukaa peke yao zahanati, kilomita nyingi kutoka hospitali.

Chukua asubuhi ya kawaida ya kliniki ya watoto. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amepangwa kwenye mizani ya kuning'iniza. Kazi yake ni ndogo na inaonekana rahisi: kumvisha mtoto ile suruali ya kupimia, kumning'iniza, kusubiri mshale utulie, kusoma, kuandika kwenye kadi, kuweka nukta mahali pake kwenye mchoro wa ukuaji. Mtoto analia na kurusha miguu, mshale unacheza, foleni inasogea. Mama mmoja anampa kadi, halafu anasema kwa sauti ya chini: “Dokta, hebu mwangalie huyu tumbo, linajaa usiku.” Mwanafunzi amesoma mfumo wa chakula wiki iliyopita. Anajua majina ya sehemu zote za utumbo kwa Kiingereza. Hajui hata kidogo tumbo la mtoto huyu lina nini. Nyuma ya yule mama kuna wengine watano wanasikiliza.

Jibu sahihi ni fupi: “Shikamoo mama. Mimi bado najifunza, nakupeleka kwa mkubwa wangu sasa hivi.” Kijana wa miaka 18 hulitoa kwa shida, maana anaona kama anajivua koti mbele za watu. Baadhi hujibu kwa kubahatisha, wakitumia maneno makubwa. Wengine hujifanya hawakusikia. Makosa hayo mawili ni ya hatari kuliko kufeli mtihani, kwa sababu mama akiondoka na jibu la kubahatisha hatarudi kuuliza tena. Ndiyo maana wakufunzi wazuri wa vyuo vya afya hutumia muda mwingi wa mwanzo kuwafundisha vijana namna ya kusema hawajui, kabla hata hawajagusa dawa. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo zito kuliko yote ya mwaka wa kwanza, ingawa halina mtihani wake.

Kila chuo kina mtego wa namna hiyo. Mwanafunzi wa MATI anapanda bodaboda kwenda mjini na dereva, ambaye naye ana ekari mbili za mahindi, anasimama njiani amwonyeshe majani yaliyotobolewa. Viwavijeshi vamizi vilithibitishwa nchini mwaka 2017, na tangu hapo swali la “nipulize dawa gani?” limekuwa la kila msimu. Jibu la ovyo linagharimu hela ya dawa, na huenda likagharimu msimu wote. Wa VETA anayejifunza umeme hupata mtego mbaya zaidi wakati wa likizo: mjomba amejenga, nyumba inangoja waya, na kijana wa ukoo yuko chuoni anasomea hayo hayo. Kufunga umeme kwenye majengo kunahitaji leseni ya EWURA, na mwanafunzi wa ngazi ya kwanza hana. Kumkatalia mjomba aliyechangia ada ni kazi ngumu, lakini moto wa nyaya zilizounganishwa vibaya hautambui undugu.

Mwalimu tarajali wa Ilonga yeye hupewa darasa zima. Mwongozo wa serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini anayekwenda mazoezi ya kufundisha vijijini hukuta watoto wengi zaidi ya hapo na walimu wachache. Mwalimu mkuu, kwa furaha ya kweli ya kupata msaada, humkabidhi chaki na kwenda kushughulikia mengine. Kijana ambaye mpaka wiki hiyo alikuwa akifundishana na wenzake darasani, dakika chache kwa zamu, watu wazima wakijifanya watoto wa darasa la pili, sasa ana watoto wenyewe. Andalio la somo aliloandika kwa wino safi linamwishia dakika ya kumi na tano.

Yapo maelezo ya kitaalamu ya namna bora ya kumwingiza mtu kazini, na yametoka Afrika. Jean Lave, Mmarekani aliyewachunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola huko Liberia, aliona kwamba mwanagenzi huanzia mwisho wa kazi: kumalizia nguo, kushona vifungo, kupiga pasi. Baadaye hushona. Kukata kitambaa huja mwisho kabisa, kwa sababu kosa la kukata halirekebishiki, na la kifungo hurekebishwa. Mwaka 1991 yeye na Etienne Wenger waliandika kitabu kinachosema kwamba mgeni hujifunza vizuri akipewa kazi halisi, ya pembeni, ambayo akikosea haiharibu kitu kikubwa. Mizani ya kliniki ni kazi ya namna hiyo. Darasa la watoto wengi aliloachiwa mgeni siku ya kwanza ni sawa na kumpa mkasi mtu ambaye hajawahi kushika sindano.

VETA wana jibu lao la zamani kwa tatizo hili, nalo ni tupa. Kwenye fani za chuma mwanafunzi mpya hupewa kipande cha bati nene la chuma, anakibana kwenye jiliwa, na anaambiwa akisugue kwa tupa mpaka kingo zake ziwe na pembe mraba. Anasukuma tupa, anafuta vumbi, anakinyanyua kipande juu na kukipima kwa skweya akielekea dirishani. Ukipita mwanga kati ya chuma na skweya, bado. Anarudi kwenye jiliwa. Mikono inaota malengelenge, na vijana waliokuja wakitaka kufungua injini siku ya kwanza hulalamika sana. Lakini mwanga ule kwenye skweya unawafundisha kitu ambacho mkufunzi hawezi kuwaambia kwa mdomo: kipimo hakibembelezwi. Fundi aliyepita tupa vizuri huonekana miaka baadaye kwa namna anavyoshika hata bisibisi.

Darasani

Lugha huwashtua wengi wa afya na kilimo. Masomo ni kwa Kiingereza, na kijana aliyefaulu kidato cha nne kwa kukariri majibu ya mitihani iliyopita anakutana na anatomia na fiziolojia, yenye mamia ya majina yasiyokaririka kwa njia hiyo. Kukariri kunamfikisha mpaka jaribio la kwanza, halafu kunamwacha. Ualimu wa shule za msingi hufundishwa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili, na hapo mzigo ni mwingine: wingi wa maandishi ya kuandaa, kuanzia azimio la kazi mpaka zana zilizochorwa kwa mkono kwenye maboksi na mifuko ya saruji.

Katika ngazi ya nne na ya tano, alama A ina uzito wa 4, B wa 3, C wa 2, na wastani wa tuzo hauna budi kufikia 2.0. Alama za majaribio ya katikati ya muhula huingia kwenye matokeo ya mwisho. Hapa ndipo wageni wengi hupoteza, kwa sababu shuleni walizoea mtihani mmoja mkubwa wa mwisho ndio unaoamua kila kitu, na majaribio ya mwezi yalikuwa ya kupita tu. Chuoni, jaribio la wiki ya tano lililopuuzwa huja kudai kwenye mwisho wa muhula, na aliyeshindwa somo hupigwa sapu, akarudi kufanya mtihani wakati wenzake wako nyumbani. Sapu nyingi zikilimbikizana ndipo kijana hudisko, yaani huondolewa chuoni.

Makundi ya kujisomea ya watu wanne au watano husaidia kuliko madesa yanayozunguka kwa fotokopi, na sababu yake ni rahisi kuonekana: kwenye kundi dogo mtu hulazimika kueleza kwa mdomo, na akieleza ndipo hugundua asichokielewa. Kundi lenye mtu mmoja mwenye umri mkubwa, mathalani aliyewahi kufanya kazi duka la dawa au kufundisha kwa kujitolea, hupata faida zaidi. Watu wa aina hiyo wapo katika kila darasa, na mara nyingi ndio wanaochaguliwa kuwa CR, wawakilishi wa darasa.

Hela na msimu

Jambo hili halizungumzwi ipasavyo. Mwaka wa masomo wa vyuo vingi huanza Septemba au Oktoba, na muhula wa pili huanza karibu na Machi. Mahindi ya masika Kilosa huvunwa kuanzia Juni. Mpunga wa Kilombero hali kadhalika huingia ghalani katikati ya mwaka. Kwa mzazi mkulima, basi, hela ipo Juni hadi Agosti, imepungua Oktoba, na Machi haipo kabisa, kwa sababu imekwenda kwenye mbegu na palizi, na chakula cha ndani chenyewe kinahesabiwa. Ada ya muhula wa pili inamfikia katika mwezi mgumu kuliko yote. Mwanafunzi anayepigiwa simu Machi na kuambiwa “vumilia mwanangu” hana mzazi mzembe. Ana mzazi ambaye kalenda yake haikuulizwa wakati ratiba ya malipo inapangwa.

VETA ina unafuu: ada ya kozi ndefu imekuwa kwa muda mrefu Sh 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni. Kozi za afya ni ghali zaidi, na juu yake kuna sare, vifaa, michango, na bima ya afya ambayo kwa mwanafunzi imekuwa Sh 50,400 kwa mwaka. Bodi ya Mikopo, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, kwa karibu miongo miwili ilihudumia wa vyuo vikuu. Katika mwaka wa masomo 2023/24 ilianza kuwakopesha pia wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo afya, ualimu, na kilimo na mifugo. Hiyo ni hatua kubwa kwa vyuo kama vya Kilosa. Lakini mkopo huombwa kwa nyaraka: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, vyeti vya vifo kwa yatima, saini za serikali ya mtaa. Kijana aliyeacha nyaraka hizo nyumbani Sumbawanga au Newala hukosa dirisha la maombi akiwa anatafuta nauli ya kuzifuata.

Katika upungufu huo ndipo huingia simu. Mikopo ya mtandaoni inayotolewa kwa dakika chache, yenye riba ya kukausha damu, huwalenga vijana wasio na mtu wa kuwaambia hapana. Benki Kuu ilishawaonya wananchi dhidi ya programu za mikopo zisizo na leseni, lakini onyo halilipi ada. Kubeti nako kumekula hela ya chakula ya wengi. Mwanafunzi anayedaiwa huacha kwanza kwenda kula, kisha huacha kwenda kwenye kundi la kujisomea kwa sababu anadaiwa na mtu pale, na mwisho huacha darasa. Ukiangalia kwa juu utasema ameshindwa masomo.

Chakula chenyewe Kilosa si ghali kwa viwango vya mjini. Wali maharage kwa mama ntilie, mihogo, ndizi na maembe ya msimu humtosha mtu. Waliopanga mageto nje ya chuo hupika kwa zamu, na chumba chenye wapishi watatu wanaoweka hela pamoja mwanzoni mwa mwezi hufika mwisho wa mwezi. Anayepika peke yake mara nyingi hafiki.

Mwili na mahali

Mji wa Kilosa uko bondeni, karibu mita 500 tu juu ya bahari, na Oktoba unapowaka unawaka kweli. Anayetoka Njombe, Makete au Lushoto hufika na mablanketi mawili na mwili usioijua malaria. Hili linahitaji msisitizo. Aliyekulia nyanda za juu hana kinga ambayo wenyeji wa bondeni wameijenga tangu utotoni kwa kuugua mara kwa mara. Malaria ya kwanza humpiga vibaya, na inaweza kumshika wiki ile ile ya majaribio. Chandarua kinapaswa kuwa cha kwanza kufunguliwa kwenye sanduku. Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo kwa kipimo cha haraka, na dawa mseto imalizwe yote. Kuna wanafunzi wa afya wanaojipima kwa kukisia na kumeza nusu dozi waliyoachiwa na rafiki, na hao wangepaswa kujua zaidi.

Mto Mkondoa nao una historia. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mafuriko yalivunja kingo, yakaacha familia nyingi bila makazi na kuikata reli ya kati. Anayetafuta geto la bei ndogo bondeni anapaswa kuwauliza majirani maji yalifika wapi mwaka ule. Wazee wanaonyesha kwa kidole ukutani.

Kufika na kurudi kumekuwa rahisi kuliko zamani. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 ina stesheni Kilosa, na barabara ya Dumila imewekwa lami. Urahisi huo una upande wa pili: wa Dar na Dodoma huanza kukimbilia nyumbani kila mwisho wa wiki, na Ijumaa darasa linapungua. Upweke wa miezi ya mwanzo huwashika zaidi wanaoondoka kila mara, kwa kuwa hawapati nafasi ya kuzoeana na watu wa bweni.

Mikumi ni mji wa namna nyingine. Barabara kuu hupita kilomita zipatazo 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na mji umeota pale magari yanapotoka hifadhini. Malori ya Tunduma, Lubumbashi na Lusaka hulala hapo. Kuna baa, nyumba za wageni, na hela ya usiku mmoja. Msichana wa miaka 18 wa ushonaji au umeme, aliyepanga chumba karibu na barabara kwa sababu bweni limejaa au ni la gharama, anaishi katikati ya yote hayo. Bweni salama kwa wasichana Mikumi lina uzito sawa na karakana yenye vifaa, na fedha za chuo zinapogawanywa lisiwekwe mwisho. Wanyama ni shida ndogo kwa kulinganisha: nyani huiba chakula, tembo huonekana kingoni mwa mji wakati mwingine, na mtu hujifunza upesi kutotembea gizani kuelekea porini.

Mlezi, mkubwa, na karatasi moja

Kila chuo kina mlezi wa wanafunzi, serikali ya wanafunzi yenye rais au waziri mkuu, na vikundi vya dini: TYCS kwa Wakatoliki, TAMSYA kwa Waislamu, na kwaya za kila namna. Vikundi hivi hubeba mzigo mkubwa kuliko ofisi yoyote. Hukusanya michango ya mgonjwa, humfuata aliyejifungia chumbani, humtafutia godoro aliyekuja bila kitu. Wa mwaka wa pili ndio washauri wakuu, kwa wema na kwa ubaya: ndio wanaomwambia mgeni ni mkufunzi gani anasikiliza na ni duka gani linakopesha, na ndio pia wanaomwambia majaribio ya mwanzo hayana maana.

Vyuo vyenyewe vinaweza kufanya zaidi kwa gharama ndogo. Fomu ya maelekezo ya kujiunga ina orodha ndefu ya vitu vya kuleta, mpaka fagio na jembe. Haisemi ada ya muhula wa pili itadaiwa tarehe ngapi ili mzazi atenge magunia matatu Julai. Haisemi jaribio la kwanza liko wiki gani. Haimwambii anayetoka nyanda za juu kuhusu malaria, wala anayeomba mkopo kwamba cheti cha RITA akichukue kabla ya kupanda basi. Wala haimwambii kijana aseme nini siku mama wa kwanza atakapomwita dokta. Karatasi moja zaidi ingetosha kwa yote hayo, ikitumwa Juni, wakati mahindi bado yapo shambani na mzazi bado hajauza.